Karibu na Kwetu

Mie si mtu wa baa. Naliweka hilo mwanzo kabisa, maana kila nikisimulia haya watu wananitazama ushungi wangu, kisha wananiuliza, "Sasa Zuena, wewe ulifuata nini huko?" Nilifuata pweza. Jirani yangu Lusungu aliniambia kuna kisiwa ng'ambo ya Kunduchi wanachoma pweza hata kibogoyo anatafuna, na mie kwa pweza sijiwezi. Jina la kisiwa silitaji. Watu wana biashara zao pale, na wengi wao hawana kosa.

Lusungu ni mtoto wa Mbeya. Tulikuwa tunakaa naye Goba, ukuta kwa ukuta. Siku za kazi alikuwa karani wa kampuni ya mizigo pale Ubungo, tai shingoni, hana maneno. Ikifika Jumamosi anavaa kaptula ya maua na kugeuka mtu mwingine. Anazunguka baa za ufukweni na kujirekodi kwa simu, anawaambia watu ipi bia yake baridi, ipi choo chake kisafi, ipi muziki wake unakutoa roho. Watu walimfuata wengi mtandaoni. Na kila video aliianza vilevile: anafungua chupa, anamwaga kidogo chini, anasema, "Wazee, karibuni." Halafu ndo anakunywa.

Kwao ndivyo wanavyofanya. Ila mkewe, Felicitas, aliwahi kuniambia kwamba babu yake Lusungu alikuwa akimwaga pombe anawataja waliotangulia jina kwa jina, mpaka watu wanachoka kusubiri. Lusungu wa mjini bwana, kafupisha. "Wazee, karibuni," basi, video ina haraka.

Huyo Felicitas ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole, na wakati ule alikuwa mjamzito. Mimba zao za mwanzo zilitoka. Hii ndiyo ilikubali kukaa, na nyumba nzima ilikuwa inapumua kwa ajili ya hiyo mimba. Lusungu alikuwa hamruhusu hata kuinua ndoo. Tulipokwenda kisiwani alimshika mkono tangu kwenye boti mpaka mchangani, mie nikamwambia, "Shemeji, huyo ni mke, si trei ya mayai."

Siku yenyewe ilikuwa nzuri kabisa. Jua, maji yametulia, nahodha wetu Suhaib anatutania njia nzima. Baa ya kwanza ilikuwa na muziki wa singeli asubuhi hiyohiyo, tukakimbia. Ya pili ilijaa wageni wamejipaka mafuta. Ya tatu ilikuwa upande wa pili wa kisiwa, unaotazama bahari kuu: banda la makuti, viti vyeupe vya plastiki, na mwenyewe mama mmoja wa makamo anaitwa Bi Hija. Pale palikuwa kimya. Lusungu akasema hii ndiyo atakayoipa namba moja.

Nikaona kitu kimoja, nikakipuuza. Meza ya jirani chupa ilianguka, bia ikamwagika mchangani. Msichana wa pale alikuja mbio na kopo la majivu, akafukia palipolowa, na akasema kwa sauti ya chini, "Imemwagika tu, haijatolewa." Nikadhani ni mambo ya sisimizi.

Pweza akaja. Bia ya Lusungu ikaja. Akaegesha simu kwenye chupa ya pilipili, akatabasamu, akamwaga. "Wazee, karibuni. Leo kaeni kabisa, tunywe wote."

Mchanga ule haukutoa povu. Uliinywa ile bia hapohapo, ukabaki mkavu.

Meza yetu ilikuwa na viti vinne, na sie tulikuwa watatu. Kile kitupu kilikuwa kando ya Lusungu. Nilikuwa nakitazama, kwa sababu nilitaka kuweka mkoba wangu pale. Miguu ya kile kiti ikaanza kuzama mchangani. Taratibu. Mmoja, kisha yote. Kilizama kama kinavyozama akikaa mtu mzito, kikatulia. Halafu ikaja harufu ya nguo iliyofungiwa mbichi.

Felicitas alikuwa ameshaona. Aliweka mkono tumboni.

Bi Hija akaja mwenyewe. Hakumtazama Lusungu, alikitazama kiti. Akainama kwenye sikio langu, nadhani kwa sababu ya ushungi, akaninong'oneza, "Huyu kijana kamwita nani?"

"Wazee wake," nikamwambia.

"Kawataja?"

Nikatikisa kichwa. Bi Hija akavuta pumzi. "Basi kaja aliyekuwa karibu."

Alituambia kwa kunong'ona, huku akijifanya anafuta meza. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi, ukimfukuza umemtukana. Anasindikizwa. Na anayemsindikiza ni mwenyeji wake, si mtu mwingine. Lusungu ainuke, aseme twende nikusindikize, afuate ufukwe mpaka pale penye miamba. Asigeuke nyuma. Akifika aage, arudi. "Na kitu kimoja, baba. Ukikaribishwa, usijibu. Hata ahsante usiseme. Mdomo wako ukae kimya mpaka urudi hapa."

Lusungu alitaka kucheka. Akatazama kiti, hakucheka tena. Akamtazama mkewe, akainuka. "Twende nikusindikize," alisema.

Kiti kikapanda. Mchanga ukajaza vishimo vya miguu.

Alitembea peke yake kwenye lile jua jeupe. Sie tulikaa. Felicitas alikuwa anasema Salamu Maria chini kwa chini, mie nasoma zangu, Bi Hija kasimama na kopo lake la majivu. Lusungu akapotea nyuma ya miamba. Tukangoja. Pweza akapoa. Tukangoja.

Akatokea. Anatembea vizuri, na anatabasamu. Nikasema alhamdulillah.

"Nimeaga, nimemaliza," alisema akikaa. "Hakuna aliyenijibu. Kimya tu."

"Hukusema na mtu?" Bi Hija aliuliza.

"Hamna. Labda mzee mmoja hivi, wakati narudi. Mvuvi nadhani, yupo kwenye maji anakwangua samaki. Nikamwamkia shikamoo."

Bi Hija akalishika kopo lake kwa mikono miwili.

"Mzee wa watu, kanipokea vizuri kabisa. Kasema, mbona unanipita mlangoni, karibu na kwetu. Nikamwambia ahsante baba, siku nyingine. Kasema uje na mama na mtoto. Nikamwambia tutakuja wote, baba, usijali." Alikuwa bado anatabasamu kidogo. "Kaniuliza mama anajifungua lini."

Felicitas akanong'ona, "Ulimwambia mie ni mjamzito?"

Nikaliona tabasamu lake linavyoondoka.

Jamani, tusimlaumu. Mie mwenyewe ningejibu. Sie mtu akikwambia karibu, mdomo unatangulia, akili inafuata. Unapita kwa jirani anakula, anakwambia karibu, unasema ahsante, nimekaribia, na wala hukuwa na mpango wa kula. Ndivyo tulivyolelewa. Alijiandaa kumnyamazia asiyeonekana, akakutana na mzee mwenye mvi, angemfanyaje?

"Alisimama wapi huyo mzee?" Bi Hija aliuliza.

"Kwenye maji, pale mwisho wa miamba. Yalimfika magotini."

"Pale hapasimamiki. Pale ni kina kirefu, hata nanga haifiki chini." Akamwaga majivu yote miguuni kwetu, lakini nilimwona usoni, alikuwa anafanya tu ili afanye kitu. "Umemwahidi. Atawangojea."

Kurudi, Suhaib hakututania.

Wiki ileile ikaanza hodi. Hodi ya mchana, jua la utosi, wakati Goba watu wote wako makazini na mbwa wamelala. Felicitas alikuwa likizo. Anasikia, "Hodi hapa." Sauti ya mtu mzima, ya heshima, haina haraka. Anafungua kinywa kujibu. Mie ndo niliyemkataza. Nilimwambia jibane mdomo na kanga, jifungie chumbani, lakini karibu usiitamke. Siku moja nilikuwa naye. Nikaisikia kwa masikio yangu mie Zuena. "Hodi wenyewe." Niliona midomo ya Felicitas inatikisika, nikamziba kwa kiganja. Tulikaa hivyo mpaka kile kitu kikapita. Nilipofungua mlango, kizingiti kilikuwa kimelowa, na mchanga wake ni mweupe, wa pwani. Udongo wa Goba ni mwekundu, kila mtu anajua.

Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka. Mie nikaleta shehe wangu kutoka Mwananyamala, akasoma. Hodi ikakoma, tukafurahi. Kisha ikarudi, na safari hii ilikuwa ndani, kwenye korido, mlangoni kwa chumba.

Na mtoto akaacha kucheza tumboni. Hospitali walipima, wakasema moyo unapiga, mzima, apumzike. Felicitas alikuwa anarudi amejishika tumbo, anasema, "Dada Zuena, ametulia mno. Kama anamsikiliza mtu."

Tukampigia Bi Hija. Akasema, ukialikwa na familia, na wenzio hawawezi, unafanyaje? Unakwenda mwenyewe kuwaombea radhi. Ndiyo adabu. Alisema hajui kama inafaa. Alisema yeye asingekwenda.

Lusungu alikuja kwangu Jumamosi asubuhi, kavaa shati jeupe la kanisani na suruali ya kazini. Mkononi alikuwa na kilo ya sukari. "Mkono mtupu haulambwi, dada," alisema. Nilimwambia asiende. Nilimwambia hata kwa ukali, maana nilikuwa nampenda yule kijana, na nilikuwa naogopa.

"Mie ndo nilimkaribisha. Na mie ndo nilisema tutakuja," alinijibu. "Mtoto hajasema kitu. Kaa naye Felicitas, usimwambie mpaka nirudi."

Suhaib ndiye aliyempeleka. Anasimulia kwamba Lusungu alishuka, akakunja suruali, akatembea mpaka penye miamba. Akamsikia anaamkia. Akamsikia anasema, "Mama hajambo, hajisikii tu, kanituma nimwombee radhi." Kisha Suhaib akasikia kicheko cha watu wengi, kicheko cha karamu, na Lusungu naye anacheka. Alipozunguka na boti hakukuta mtu. Walimtafuta siku nyingi, wazamiaji wakaingia. Hata kiatu hakikuonekana.

Saa ileile, Goba, Felicitas alipiga kelele nikakimbia. Mtoto alikuwa amecheza. Anapiga mateke mpaka gauni linatikisika, na mama yake anacheka na kulia, ananiambia, "Shika, dada, shika hapa." Nikashika. Nilijua pale pale kwamba Lusungu harudi, na nikanyamaza kama alivyoniomba.

Hodi ikakoma. Kilio tukalia, arobaini tukapitisha. Felicitas akajifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Hope. Ana macho ya baba yake, yale ya kutaka kucheka. Nilianza kusema moyoni kwamba radhi ilipokelewa, na mzee wa watu, jini au mtu, ana utu wake.

Ni Jumamosi iliyopita. Niliingia kwa Felicitas asubuhi kama kawaida yangu, mlango uko wazi, yeye yuko nyuma anaanika nguo. Sebuleni Hope alikuwa mkekani, amezungushiwa mito asianguke, ndo kwanza anajifunza kukaa. Mbele yake palikuwa na sahani imefunikwa kwa sahani. Nikadhani kuna jirani kaleta chakula cha shughuli. Unajua desturi, asiyefika karamuni anawekewa fungu lake, anapelekewa nyumbani.

Nikafunua. Samaki wa kupaka, bado anatoa mvuke.

"Felicitas, nani kakuletea samaki?"

"Samaki gani?" akajibu kutoka uani.

Kando ya sahani kulikuwa na kikombe kidogo cha uji. Mkeka ulikuwa umelowa kuanzia mlangoni mpaka pale. Uji alianza kupewa juzi tu, hata mie nilikuja kuambiwa baadaye. Kikombe kilikuwa nusu, kijiko kimo ndani, na mdomo wa Hope ulikuwa mweupe.

Hakunitazama mie. Alikuwa amegeukia upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu, anatabasamu, amefungua kinywa, anangoja kijiko kingine.