Njegere, Sarafu, Sahani

Dada yangu Maureen alizaliwa na wivu. Tulipokuwa wadogo, hata paka wa jirani akinilalia mapajani, yeye chakula hakimpiti. Kwa hiyo asubuhi ile alipokuwa akipiga pasi sare za mumewe, akakuta njegere moja kavu mfukoni, hakucheka. Alitaka kujua ni mwanamke gani wa Ohio anayempikia Dale njegere.

Shemeji Dale alikuwa kapteni katika ofisi ya ujasusi ya jeshi la anga, ile isiyo na kibao mlangoni. Kazi yao ilikuwa kupima taarifa za watu walioona vitu visivyojulikana angani. Amri ya Washington ilikuwa moja: kila taarifa ipatiwe maelezo, wananchi wasitiwe hofu. Basi ikawa puto, ikawa bata bukini, na vyote vikikosekana, ikawa sayari ya Zuhura. Maskini Zuhura, alibebeshwa kila kitu.

Njegere ilikuwa ya kazi. Shahidi hunyoosha mkono, hufumba jicho moja, na kuishika mbele ya ile taa aliyoiona. Ikifichika, ukubwa wake ni njegere. Ikizidi, hupewa sarafu. Ikizidi tena, sahani. Lakini Dale alikuwa amekula kiapo cha kutosema, na sisi tulikuja kuyajua haya baadaye.

Alichojua Maureen ni kwamba kila Jumamosi mumewe alikwenda Indiana kwa mjane mmoja mwenye shamba, Hedwig Stroh. Kesi za wengine zilifungwa upesi. Ya mjane haikufungwa. Dale alirudi na makapi ya shayiri kwenye soksi, akasukuma chakula pembeni, akakaa akitabasamu na dirisha.

"Ndivyo alivyokuwa akiniangalia mimi," Maureen aliniambia.

Kisha sahani moja ikapotea kabatini.

"Sahani ya harusi yangu, mdogo wangu. Anamlisha kimada kwenye sahani ya harusi yangu."

Maureen hakumwuliza mumewe. Alimpigia simu kanali, mkubwa wake, akamwambia kapteni wake anazini kwa petroli ya serikali. Kesho yake kanali akaamuru kesi ya Indiana ifungwe, na Dale akaandika Zuhura kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi nyumbani akajifungia bafuni. Maureen alimsikia akilia, na kila kwikwi ilimzidishia uchungu.

Jumamosi gari halikuwepo. Maureen alikuja kwangu, tukaenda Indiana kwa gari langu. Tulifika saa nane mchana, jua kali, kuku wakichakura uani.

Aliyetufungulia mlango alikuwa kikongwe asiye na jino mbele, mikono imejaa unga. Bibi Hedwig alimtazama kwa huruma.

"Haji kwangu, mwanangu," alinong'ona. "Yuko shambani. Mimi niliizoea, ilikuwa njegere tu. Yeye kila akija, inakua."

"Nini inakua?"

"Leo hata sahani haiifichi."

Tulimwona katikati ya shayiri. Amesimama. Mkono ameunyoosha, sahani mbele ya uso wake. Angani hatukuona kitu. Jua tu. Lakini kivuli chake kilikuwa kimelala upande wa jua.

Maureen alikimbia. Alimwita. Hakugeuka.

"Mwache," dada yangu alisema, na hakuwa akisema na Dale. "Ni wangu."

Kuku wakanyamaza. Nilipepesa macho. Shayiri ilikuwa imesimama wima, na hapakuwa na mtu. Viatu vyake vilibaki, kamba zimefungwa. Sahani ilikuwa juu yavyo.

Wakubwa wa ofisi walikuja Jumatatu na kalamu zao. Kila jambo lazima lipate maelezo, na hili walilipatia: kapteni ametoroka na mwanamke. Ushahidi walikuwa nao. Simu ya mkewe.

Maureen hakubisha. Nadhani ilikuwa nafuu kwake kumchukia mwanamke kuliko kuwaza kile nilichokiona mimi.

Ile sahani anayo mpaka leo. Haipoi. Siagi ukiiweka juu yake, huyeyuka hata wakati theluji imefunika dirisha. Nimemsihi aitupe, hataki.

Wiki iliyopita nilimkuta jikoni mchana, jicho moja kalifumba, mkono kaunyoosha kuelekea dirishani. Kati ya vidole alishika njegere. Nilimwuliza anatafuta nini.

"Nataka nimwone," alisema taratibu, "ana nini ambacho mimi sina."

Jana aliniomba sarafu.