Doa kwenye Jina la Mjomba

Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku isiyo na sifa wala lawama, nami nilikwenda karakana ya mjomba wangu kusoma prufu, chapa ya majaribio, ya kadi za harusi ya binti yake. Kusoma prufu ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini sasa ninakula kwa makosa ya watu wengine.

Mjomba anachapa kwa mashine ndogo ya mezani, ya mkono. Unavuta mpini, rola mbili zinapanda kwenye sahani ya duara kulamba wino, zinashuka kuupaka kwenye herufi za madini ya risasi, kisha kadi inabanwa. Mtu mwenye haraka hawezi kuipenda.

Kadi ya kwanza ilitoka safi, isipokuwa mahali pamoja. Jina la mjomba, pale anapotajwa baba wa bibi harusi, halikushika wino. Palikuwa na doa jeupe, refu kidogo kama punje ya haragwe.

Mjomba hakujali. Alisema rola zimekaa juu mno upande ule, akabandua utepe kwenye reli zinamopita ili zishuke. Doa likabaki. Akaongeza wino. Herufi nyingine zikavimba kama zimepigwa ngumi, doa likabaki jeupe. Akabandika kipande cha karatasi nyuma ya kadi ili jina libanwe zaidi. Akaziosha herufi kwa mafuta ya taa, akazikausha, hatimaye akazitupa akapanga mpya ambazo hazijawahi kuguswa. Nilimtania kwamba huenda mashine imesikia anavyomsema mkwe wake mtarajiwa. Hakucheka.

“Basi kosa liko kwenye rola,” alisema. “Mahali pale pale pana kasoro.”

Akaufungua mpango wote wa herufi, akaliondoa jina katikati na kuliweka chini kabisa, kwenye pembe. Kama kasoro ingekuwa ya rola, doa lingebaki katikati.

Akavuta mpini. Doa lilikuwa chini kwenye pembe, juu ya jina lake.

Nilitoa lenzi yangu ya kazini. Ndani ya weupe ule mlikuwa na mistari myembamba iliyopindana, mmoja ndani ya mwingine. Alama ya kidole gumba. Kovu lilikuwa limeikata kwa mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia.

Kovu lile nililijua. Mashine ile ile ndiyo iliyolitia, nilipokuwa bado msichana, kwenye kidole cha mwenye mashine, mshirika wa mjomba. Tulimwita Kobe kwa jinsi alivyokuwa akipanga herufi polepole. Sote katika ukoo tuliambiwa kwamba Kobe alifia wodini.

“Mjomba,” nilisema, “Kobe alikufa lini?”

Alikwenda kufunga mlango kwanza. Kisha akanieleza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye sahani ya wino.

Kobe alilazwa wiki saba. Katika wiki ya tatu mjomba aliona leseni ya karakana imekwama bure kwa jina la mgonjwa, akachapa tanzia ya Kobe, akaipeleka ofisi ya leseni. Ofisi ile hutaka nakala tatu za kila kitu. Safari hiyo iliridhika na moja. Leseni ikahamia kwa mjomba, na Kobe alipotoka wodini alikuta ameshakufa kiserikali.

Alizunguka madirisha ya ofisi ile. Karani alikuwa na adabu sana. Alimwambia, mzee, mimi nakuona, tatizo ni faili. Wakamtaka abonyeze dole gumba lilinganishwe na la zamani. Lakini kidole kile kilikuwa na kovu, na mafuta ya taa ya miaka mingi yalikuwa yamekilamba, wino haukushika. Halisomeki, wakasema, nenda ukarudi. Alirudi mara kumi na moja. Mwisho alikuja karakana kumwomba mjomba aandike mstari mmoja tu, kwamba huyu yu hai na mimi nilikosea.

“Nilimwambia nina shughuli,” mjomba alinong'ona.

“Akasema nini?”

“Alilamba kidole. Akakibonyeza hapa, kwenye sahani. Akasema, ‘Na wewe, wino hautakushika.’”

Kobe alikufa kabla mwezi haujaisha. Kwa mara ya kwanza faili lake likawa sahihi.

Mjomba alivuta mpini tena. Doa lilikuwa limekua. Akavuta tena. Lilikuwa limekula mstari mzima.

Tulitazama sahani. Katikati ya wino mweusi palikuwa na alama ya kidole. Ilikuwa na maji, kama ya kidole kilicholambwa sasa hivi.

“Nitaifuta,” alisema. Akaikandamiza kwa dole gumba lake, kwa hasira, akalizungusha. Akaliinua.

Lilikuwa safi.

Alilichovya tena kwenye wino. Safi. Akachovya vidole vyote kumi. Safi.

Nikamshika mkono nikauweka chini ya lenzi. Vidole vya mjomba vilikuwa laini kama yai. Havikuwa na mstari hata mmoja.

Wiki mbili baadaye leseni ilitakiwa kuhuishwa. Nilimsindikiza. Karani alimpa kidau cha wino, mjomba akabonyeza, karatasi ikabaki nyeupe. Karani akafungua faili kutafuta alama ya zamani. Akasoma. Akamtazama mjomba, akasoma tena.

“Mzee,” alisema kwa upole, “mimi nakuona.”

Akanigeuzia faili. Juu kabisa palikuwa na tanzia ya mjomba, tarehe ya Jumanne ile. Niliisoma kama ninavyosoma kila kitu, herufi kwa herufi. Haikuwa na kosa. Ilikuwa chapa safi kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye mashine ile.

Binti yake ameolewa. Kwenye kadi, baba wa bibi harusi ametajwa kuwa marehemu. Mchapaji mwingine alifuata hati alizopewa. Mjomba alikaa safu ya nyuma, na wageni walimpa mkono na kumpa pole.

Aliniomba mstari mmoja tu, wa kupeleka dirishani. Sikumwambia nina shughuli. Nilichukua kalamu mpya, mbele yake, nikaandika kwamba ninamfahamu na yu hai. Kila neno lilishika wino. Jina lake halikushika.

Karatasi ile ninayo kwenye droo, huu mwezi wa tisa tangu niiandike. Jina linapopaswa kuwa pana weupe kama punje ya haragwe. Ukiugusa, pana maji.