Jivu Kwenye Maharage

Maharage yalikuwa yakitokota. Mama Kinda aliyapa mgongo, sikio lake likiwa kwa mwanawe. Kinda alikuwa akikohoa tangu juzi, kikohozi kikavu, wala mafua hana.

"Kunywa maji, baba," alimwambia.

Mara hodi. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa matofali. Aliona gunia pembeni ya jiko, akasimama palepale.

"Wifi, hili jivu limetoka wapi?"

"Kaka yako kalileta kutoka mtambo wa umeme, kule anakopakia malori. Laini kama unga! Nasugulia sufuria. Maharage nayo nimeyachanganyia, fukusi wasiyatoboe."

"Haya yaliyo motoni?"

"Nimeyaosha vizuri. Si jivu tu?"

Wifi aliipua sufuria bila kuuliza. "Mmeshayala?"

Mwiko ulimponyoka Mama Kinda. "Bado. Leo ndiyo mara ya kwanza. Lakini Kinda... hulichezea gunia hilo. Hupuliza vumbi, anasema moshi huo."

Wote wawili wakamtazama mtoto. Akakohoa.

"Jivu la jikoni ni la kuni," wifi alisema taratibu. "Hili ni la makaa ya mawe. Lina madini yenye sumu, mojawapo ni risasi, ile ya kwenye betri za gari. Huyaoni kwa macho, na kuosha hakuyamalizi. Vumbi lake nalo likiingia kifuani linaumiza."

"Basi nalimwaga nyuma ya nyumba sasa hivi!"

"Karibu na kisima? Mvua ikinyesha mtalinywa. Tulia, wifi yangu."

Walimtoa mtoto nje, wakajifunga vitambaa puani. Hawakufagia pakavu. Walinyunyiza maji kwanza vumbi lisitimke, wakalizoa jivu na maharage yote, wakafunga gunia ndani ya gunia. Hata kuku hawakupewa punje. Kisha wakanawa, wakamwogesha mtoto, wakampeleka zahanati.

Mganga alimsikiliza kifua mara mbili.

"Vumbi limemkera," mganga alisema mwishowe. "Mmewahi. Asilisogelee tena. Akizidiwa, mrudisheni mara moja."

Jioni Baba Kinda alirudi na nguo za kazi, nyeupe kwa vumbi.

"Simama hapohapo!" dada yake alifoka. "Wewe ukipewa moto wa bure, utaufunga kwenye shuka!"

Alipoelezwa, alimtazama mwanawe, akainamisha kichwa. Kesho yake alilirudisha gunia. Huko mtamboni jivu hulowanishwa na kuwekwa kwenye shimo lililotandikwa plastiki nzito chini lisivuje. Jingine hupelekwa kiwandani kwa dada yake. Mafundi waliovaa barakoa hulichanganya na saruji, likashikamana kuwa tofali.

Siku hizi Baba Kinda huoga na kubadili nguo kazini. Maharage mapya yamo kwenye debe lenye mfuniko unaobana. Jiko limejengwa upya kwa matofali ya shangazi yake Kinda.

Kinda aliusogelea ukuta, akavimbisha mashavu, akapuliza.

"Mama, moshi hautoki!"

Mama Kinda alitega sikio, kama alivyozoea. Akangoja. Alichosikia ni sufuria tu, ikitokota.