Sauti ya Pili kwenye Ndege ya Mtu Mmoja

Ndege ile ya kivita ilikuwa na kiti kimoja tu. Naomba mlikumbuke hilo.

Mimi ni fundi wa vinasa sauti jeshini. Kazi yangu ni kusikiliza marehemu, kama mke wangu anavyonitania. Jioni ile, jua likizama, nilikwenda kwa mjane wa rubani aliyeanguka baharini, ili aitambue sauti ya mumewe. Wakubwa walikuwa wamebaki na sababu tatu: injini, hali ya hewa, au uzembe wa rubani.

"Shemeji, nisaidie wasimwite mzembe," mjane aliniomba. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. "Mtoto asizaliwe na aibu ya babake."

Mama mkwe wake alituletea chai, akarudi jikoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Nilimhurumia sana.

Nikawasha mashine.

Mngurumo. Pumzi za rubani. Kisha... pumzi nyingine. Nzito, za mtu aliye mgongoni kwake.

"Nani yuko nyuma?" rubani alinong'ona.

"Ni mimi, mwanangu. Achia usukani."

"Mama?... Mama, unaniumiza mikono!"

Mjane alinikamata, kucha zikanichoma. Sebule ilianza kunuka chumvi na mafuta ya ndege.

"Tulia. Wenzangu wa usiku wameshatoa kafara watoto wao. Leo ni zamu yangu."

Maneno hayo niliyasikia mara mbili.

Kwenye mashine. Na mlangoni.

Mama mkwe alisimama pale, gauni likichuruzika maji. Akasogea, akampapasa mjane tumbo, taratibu, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Maliza chai yako, fundi," alisema. "Halafu nenda kawaambie. Tuone nani atakuamini."

Asubuhi niliwasikilizisha wakubwa. Sauti ya mama haikuwemo tena. Rubani alikuwa akipiga kelele peke yake. Walitazamana, wakaandika uzembe, wakagonga muhuri.

Nilirudi kwenye mashine nikiwa na hasira, nikausikiliza tena mwisho wa rekodi. Baada ya kishindo cha maji palikuwa kimya hapo awali. Sasa palikuwa na kitu.

Kichanga kinalia...

"Nyamaza, mjukuu wangu. Zamu imerudi."

Simu yangu ikaita. Alikuwa mjane, akihema.

"Shemeji... uchungu umeanza. Mama amefunga mlango kwa ndani."