Barua ya Rejista ya Namba 2887

Ilikuwa imebaki barua moja tu.

Nives Zennaro aliigeuza mkononi, akasoma anwani, akasonya. Zanze Pasqualin, Castello 2887, Venisi. Barua ya rejista. Lazima itiwe saini.

Mtaa wa Castello una namba za nyumba karibu elfu saba, na hazifuati barabara wala akili. Zinazunguka makanisa, zinavuka mifereji, zinarudi nyuma kama mlevi anayetafuta funguo. Mgeni anaweza kutembea nusu siku akiitafuta nyumba aliyoipa mgongo. Wapeleka barua ndio waliozijua, na miongoni mwao hakuna aliyezijua kama Nives, jambo ambalo Nives mwenyewe hakuwaacha wenzake walisahau. Miaka thelathini na mmoja kwa miguu. Baada ya 2886 inakuja 2888. Ndivyo ilivyo.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, Novemba, na ukungu ulishaanza kupanda kutoka majini.

"Nives!" Gastone alimwita kutoka mlangoni mwa baa yake. "Mkweo amepiga simu hapa. Ornella ameshikwa na uchungu. Wako hospitali, Mestre."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tisa. Anasema mtoto hana subira, amemfuata bibi yake."

Nives alicheka. Ornella ndiye mwanawe wa pekee. Nives alikuwa ameahidi kuwa pale, amshike mkono, na ahadi ile hakuitoa kwa mdomo tu. Basi la saa kumi na mbili lingemvusha daraja refu hadi Mestre, bara. Dakika ishirini tu.

"Basi nenda!" Gastone alimwambia. "Hiyo barua kesho."

"Ni ya rejista."

"Hata ingekuwa ya Papa."

"Ya Papa ningeiacha. Papa ana wafanyakazi wake."

"Namba ngapi?"

"2887."

Gastone aliacha kufuta bilauri. "Hakuna 2887."

"Najua hakuna. Lakini wale watoto wa ofisini wanasema labda kuna nyumba nimeiruka miaka thelathini. Mimi! Naenda kusimama pale, naandika 'anwani haipo', napanda basi langu."

"Cavagnin naye alikwenda kuitafuta namba hiyo." Gastone alishusha sauti. "Yule aliyekuwa na njia hii kabla yako."

"Cavagnin alimkimbia mkewe."

"Hivyo ndivyo tulivyomwambia mkewe."

Nives alikuwa na kichwa kigumu, na alikuwa na shahada ya historia ambayo haikuwahi kumpa kazi ila ilimpa dharau ya kutosha kwa hadithi za baa. Akatundika mkoba begani, akaingia kwenye ukungu.

Upande ule wa Castello hauna maduka ya vinyago wala watalii. Una nguo zilizoanikwa juu ya mifereji, zinazokauka baada ya siku tatu. Una viwanja vidogo vyenye kisima kilichofunikwa katikati na paka mmoja asiyependa watu. Nives alipita akihesabu kimoyomoyo. 2884. 2885. Nyayo zake zilimrudia kutoka kwenye kuta kana kwamba mtu anamfuata kwa adabu, hatua moja nyuma.

2886.

Akakata kona. Mbele yake, chini ya nyumba, palikuwa na upenyo mfupi, mwembamba, wenye dari ya mbao iliyomfanya ainamishe kichwa. Hakukumbuka upenyo pale. Mwisho wake kulikuwa na mlango wa kijani, na juu ya mlango, kwa rangi nyeusi iliyobabuka...

2887.

Kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hofu. Kilikuwa aibu.

Akavuta kengele. Mlango ukafunguka kwa kamba iliyovutwa kutoka ndani, kama milango ya zamani, bila mtu kuonekana. Harufu ikamfikia kwanza. Matope ya maji yaliyokupwa. Vitunguu vilivyolowa siki. Na nta.

"Ingia, mwanangu. Miguu yangu haiji huko."

Ulikuwa ukumbi mrefu wa chini, kama wa nyumba zote za kale za mji ule. Mlango wa nchi kavu huku, mlango wa maji kule mwisho. Wa huku kwa watu. Wa kule kwa makaa, samani na maiti. Kando ya mlango wa maji, kwenye kiti, alikaa bibi kizee amejifunika shali. Mshumaa mmoja ulikuwa sakafuni.

"Umechelewa," bibi akasema.

"Namba yako imejificha, bibi."

"Haijajificha. Ilikuwa haina barua."

Nives alikwenda mpaka kwenye kiti, akatoa bahasha na kijikaratasi cha kupokelea. "Saini hapa, bibi, nina haraka. Binti yangu anajifungua."

"Mungu amfungue salama." Bibi aliinua mkono wa kulia uliofungwa ndani ya shali. "Huu ulikufa kabla yangu. Niwekee wewe."

"Hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi!" Bibi alicheka bila meno. "Nusu ya vikongwe wa Castello unawawekea. Nimesikia. Yule wa kabla yako aliniwekea, na alikuwa mwanamume."

Ilikuwa kweli. Wapeleka barua wote walifanya hivyo, na wote walikana. Nives alitazama saa yake. Kumi na moja na nusu. Akamwona Ornella kitandani, akiutazama mlango.

"Niandike jina gani?"

"Lolote. Lako. Nani anasoma?"

Akaandika. *Zennaro Nives.*

Nyuma yake mlango wa nchi kavu ukajifunga.

Haukubamiza. Ulijifunga polepole, kama mtu anayemfungia mtoto aliyelala.

Nives alirudi mbio akiwa bado ameshika kijikaratasi. Hakukuwa na kitasa. Hakukuwa na ufa. Akapapasa pale mlango ulipokuwa, vidole vikakutana na matofali yenye maji, baridi, kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu kingine tangu nyumba ijengwe.

"Bibi. Nifungulie."

Akayapiga matofali kwa ngumi.

"Bibi!"

"Usipige kelele. Majirani hawapo." Bibi alikuwa anaifungua shali. Mkono uliotoka ulikuwa wa msichana. Laini, mwekundu kwenye kiganja, kucha safi. Mkono ule ukaichana bahasha kwa kidole kimoja. Bibi akaisogeza barua kwenye mwanga, akasoma kama mtu anayesoma kitu anachokijua kwa moyo:

"*Mkazi wa 2887 atafuatwa leo jioni kwa mlango wa maji. Asibebe mizigo.*" Akaikunja vizuri. "Wananiandikia kila baada ya miaka thelathini hivi. Na kila mara wananiletea mtu mwema. Cavagnin wako alilia. Wewe huonekani mtu wa kulia."

Nje, upande wa maji, kasia liligusa jiwe.

Tap.

Hakuna injini. Makasia tu, na mtu anayekohoa.

Tap. Tap.

Mlango wa maji ukafunguka wenyewe. Kwenye ngazi zenye mwani wa kijani palikuwa na boti nyeusi, ndefu, tupu katikati. Wanaume wawili. Mmoja mnene, kofia ya sufu. Mwingine mwembamba, huyo ndiye wa kikohozi. Kwa macho walikuwa watu wa kawaida kabisa, wa kuhamisha samani, waliochoka na wanaotaka kwenda kula. Hilo ndilo lililomtisha Nives zaidi. Angekuta mapembe vichwani mwao angejua la kufanya.

"Zennaro Nives?" aliuliza mnene.

"Sikai hapa. Mimi ni wa posta."

"Na sisi ni wa boti. Kila mtu na kazi yake, dada."

"Nani amewatuma?"

"Wewe amekutuma nani?"

Miaka thelathini na mmoja Nives hakuwahi kujiuliza.

Mbali, juu ya mapaa, king'ora cha mafuriko kikaanza kulia. Maji yalikuwa yanapanda. Yalishafika ngazi ya tatu.

"Ingia tuondoke," mwembamba akanong'ona kati ya vikohozi. "Yakipanda zaidi hatupiti chini ya daraja."

"Basi hamtapita. Mimi siingii. Binti yangu yuko kwenye uchungu, nina basi."

"Hatumvuti mtu kwa nguvu," mnene akasema, na alionekana kuudhika kidogo, kama aliyetukanwa. "Sisi si majambazi. Tunapokea karatasi, tunapokea mtu. Karatasi ikishaingia mkononi mwangu, miguu yako itakuja yenyewe. Lete."

Akanyoosha kiganja.

"Na bila karatasi?"

Mnene na mwembamba wakatazamana.

"Wape, mwanangu," bibi akasema haraka. Haraka mno. "Wape upate kupumzika."

Nives alishusha macho kwenye kijikaratasi. Jina lake, kwa mwandiko wake mbaya. Mkono wake, bila yeye kuutuma, ulikuwa umeshaanza kunyooka kuelekea kwenye boti. Viatu vyake vilikuwa vimeshasogea hatua moja. Maji yalikuwa yanaingia ukumbini, yakalamba soli.

Hatua ya pili.

Akakitia kijikaratasi mdomoni.

Kilikuwa kikavu, chenye ladha ya wino na gundi. Akatafuna. Bibi akaruka kutoka kwenye kiti kwa miguu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. "Kitoeni! Kitoeni mdomoni mwake!" Ule mkono wa kisichana ukamkamata Nives taya, ukabana, baridi kama samaki wa sokoni. Nives akafumba macho. Akamfikiria Ornella. Akameza.

Mnene akarudisha kiganja chake.

"Haya," mnene akasema taratibu. "Karatasi hatuna."

"Basi rudini mlikotoka!" Bibi alikuwa anahema.

"Barua imefika lakini, Bi Zanze." Mnene alivua kofia. "Ninaiona mkononi mwako. Imefunguliwa, na bila karatasi anayefungua ndiye mpokeaji. Umeifungua kwa mkono upi?"

Bibi alitazama mkono wake wa kulia. Akaufunika kwa shali, kana kwamba bado inasaidia.

"Kizee mimi," akasema. Sauti ilikuwa imekuwa ndogo. "Nihurumieni. Mara hii tu."

"Umesema hivyo tangu wakati wa babu yangu," akajibu mwembamba.

Bibi hakupiga kelele alipoingia botini. Nives hakuangalia. Alisikia mbao zikilia, kisha ubaridi wa hewa ukampiga shingoni kutoka nyuma. Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Akakimbia, na maji yakamfuata hadi kizingitini.

"Dada!"

Hakutaka kugeuka. Akageuka.

"Ulichomeza ni mali yetu." Mwembamba alisema bila hasira, mdomo ukiwa nyuma ya leso. "Hatuna haraka nacho. Ila usitoke nacho mjini."

Nives alikimbia Venisi nzima. Wanaoijua wanajua maana yake, madaraja na ngazi, kushoto ambako kunaishia majini, kulia ambako kunaishia ukutani. Alifika kwenye basi saa kumi na mbili kasoro dakika moja, akapanda, akakaa, akacheka kwa sauti hadi mama mmoja akahama kiti.

Basi likaondoka. Magurudumu ya mbele yakagusa daraja.

Kitu kikajikunjua tumboni mwake.

Polepole. Kama bahasha inayofunguliwa kwa kidole kimoja.

Alitapika maji. Mengi, ya chumvi, yenye harufu ya matope, yakatiririka hadi kwa dereva. Wakamshusha. Akajaribu garimoshi, na kabla halijaacha nchi kavu wakamshusha tena. Akajaribu kwa miguu, kando ya magari, akishika uzio wa daraja, akimwita Ornella kwa sauti. Alifika hatua arobaini. Polisi wakamrudisha wakidhani amelewa.

Mtoto alizaliwa saa tatu usiku. Wa kike. Nives aliambiwa kwa simu, akiwa baani, Gastone amemshikia kiti.

Daktari alimpiga picha za tumbo mara mbili, hakuona kitu. Siku moja Nives alirudi kule akiwa na Gastone, mchana kweupe. 2886. Ukuta. 2888. Gastone aliupapasa ukuta, akasema, "Pana unyevu hapa," akafuta kiganja kwenye suruali.

Ornella hakuelewa. Alikasirika kwanza, miezi miwili. *Mama hawezi kuvuka daraja kuja kuniona?* Nives alimwambia ni miguu. Akamwambia ni moyo. Hayo yote Ornella aliyakataa, kwa kuwa alikuwa binti wa mama yake. Lakini mwisho akalegea, akaja yeye, Jumapili moja ya Februari yenye jua, mtoto kifuani ndani ya kitambaa.

Wakatembea wakimbeba kwa zamu. Nives aliwapitisha njia zake za zamani, akimwonyesha mtoto paka, nguo, visima, na kwa muda wa saa nzima alisahau. Wakasimama juu ya daraja dogo lisilo na watu. Nives alimnusa mjukuu wake utosini.

Chini yao, boti nyeusi ikatokea chini ya daraja. Makasia tu.

Mnene alivua kofia. Mwembamba akakohoa kwenye leso yake, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mfanyakazi mwenzake siku ya mapumziko.

"Mjukuu, dada?"

Nives akambana mtoto kifuani.

"Hongera sana," akasema mnene, na akatoa kalamu nyuma ya sikio, na mfukoni kijikaratasi cha kupokelea kisicho na jina. "Mzuri. Anaitwa nani?"

Na Ornella, ambaye Nives alimlea vizuri, amjibu kila mtu mzima anayemsalimia, aliinama juu ya ukingo wa daraja, akatabasamu, akafungua mdomo.