Kipimo Kilichofunga Redio

Soko la Nyawera lilifurika watu siku Guylain Cirhuza alipokanyaga pindo la liputa jipya la Eulalie, kitenge cha manjano chenye maua mekundu. Aliomba radhi mara nne. Eulalie akamwambia radhi ya tano ailete kwa simu, na Guylain, mwanamume wa haya, akashtukia anaandika namba.

Miezi sita walipigiana kila jioni. Wote walikuwa mafundi. Eulalie alitunza mtambo wa kurushia matangazo wa redio ndogo ya Muhumba. Guylain alitumwa na ofisi yake kukagua kama kila redio imebaki kwenye masafa yake. Alikuwa na kipokezi maalumu, chombo ambacho mitambo mingine yote hupimwa kwacho, na alikiheshimu kama padri anavyoheshimu kikombe chake.

Ikafika zamu ya redio ya Muhumba. Ofisini umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na kipokezi kile hutakiwa kuwaka saa nzima kabla hakijaaminiwa. Guylain alikiwasha palepale kituoni akangoja dakika kumi tu, maana alitaka amalize mapema ampeleke mpenzi wake kula sambaza, dagaa wa ziwani.

"Mashini ingali baridi, chéri," Eulalie akamwambia. "Ngoja kwanza."

"Hii haikosake," akajibu akitabasamu.

Namba zilizotokea zilimfuta tabasamu. Mtambo ulikuwa umehama masafa. Aliandika alichokiona, na kabla ya saa sita mtambo ulitiwa muhuri, redio ikanyamaza, Eulalie akasimamishwa kazi mbele ya wenzake. Aliduwaa na bisibisi yake mkononi. Alipomuuliza, Guylain alisema kipimo hakijui mapenzi. Tangu hapo simu zake hazikupokelewa, na alistahili.

Wiki ya tatu kipokezi chenyewe kikafikiwa na ukaguzi. Guylain akakilinganisha na chombo cha rejea cha maabara. Kikiwa baridi, kilikosea. Baada ya saa nzima, kilisema kweli. Na kosa la baridi lilikuwa lilelile, tarakimu kwa tarakimu, alilomwandikia Eulalie. Akakaa sakafuni. Hakuna aliyemwona, angeweza kuichana karatasi ya vipimo hivyo na dunia isijue.

Siku mbili baadaye alibisha mlango kwao Eulalie na nakala ya barua aliyoiandikia ofisi yake kukiri kosa. Eulalie aliisoma akiwa amesimama, akairudia, mkono mdomoni.

"Muhuri balishaitosha ku mashini asubui," Guylain akasema. "Unarudia ku kazi siku ya lundi. Unisamehe. Uliniambia, sikukusikia."

"Na weye? Kazi yako?"

"Balinifukuza."

Eulalie akashika mwimo wa mlango. Matusi alikuwa ameyapanga vizuri kwa wiki tatu, na sasa hakulipata hata moja.

"Ulijua batakufukuza?"

"Nilijua."

"Na ulisemaka utakuya kuniomba kwa papa yangu."

"Mutu hana kazi, ataomba bibi na nini?"

Eulalie akaitazama tena barua. Machozi yalikuwa yanamshuka naye hana habari nayo.

"Papa atakuuliza unatumika wapi," akasema.

"Nitamuambia nini?"

"Usimuambie kitu." Akaikunja barua, akaishika kwa mikono miwili. "Kuya dimanche, kiisha misa. Hii barua, miye njo nitamusomea."