Pete ya Mpira

Baiskeli ilikuwa imebonyea kabla Mirzet hajaikalia.

Kwenye shokapu ya nyuma ya baiskeli ya mlimani kuna kijipete cha mpira kilichovishwa kwenye ule ufito unaong'aa. Ukikaa, springi inabonyea na pete inasukumwa. Ukishuka, springi inarudi juu, lakini pete inabaki pale ilipofikishwa, na hapo ndipo mtu anajua uzito wake umelala vipi na upepo uongezwe kiasi gani. Mirzet aliirudisha pete mwanzo kwa ukucha, akaenda jikoni kumalizia kahawa yake, akarudi koridoni. Pete ilikuwa imefika karibu na mwisho. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta vilevile alivyoiacha, na mkewe Fahira, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane, alikuwa chumbani amelala na miguu juu ya mto.

Mirzet akajisemea kwamba shokapu inavuja. Mtu aliyenunua kitu rahisi hujipa moyo akiuona ubovu wake mapema, maana kinachomtisha ni ule asiouona.

Na ilikuwa rahisi kweli. Mirzet ni fundi wa vigae hapa Sarajevo, anakaa ghorofa ya tatu kwenye mteremko wa Trebević, na kwa mtu anayeamka kila siku akiuona mlima dirishani, kutokuwa na baiskeli ya kuushukia ni adhabu. Majira yote ya baridi alikuwa anapima. Goran, rafiki yake mwenye karakana ya baiskeli chini ya barabara, alimshauri anunue mpya yenye springi mbele peke yake, ngumu nyuma lakini nzima. Alimwambia kwamba springi mbili za bei ya kutupa ni magonjwa mawili. Mirzet akamjibu kwamba magoti yake ameshayaacha kwenye bafu za watu, na uti wa mgongo hautoi. Alitaka springi mbele na nyuma, na alitaka kwa hela iliyobaki baada ya kodi na vitu vya mtoto. Hela hiyo ilitosha kununua fremu tupu, ukimbembeleza muuzaji.

Ndipo akaliona tangazo. Baiskeli ya jina kubwa, springi mbele na nyuma, nusu ya bei yake, katika kijiji kimoja juu ya mji wa Konjic. Muuzaji alikuwa mzee aitwaye Hamdija, na aliihifadhi kwenye zizi tupu, imefunikwa blanketi la farasi. Hakuigusa. Alimwonyesha kwa kidole, akakaa mlangoni. Mirzet akaanza kazi yake: breki zimechoka, mnyororo umelegea, tairi la nyuma limekwisha. Kila alipopunguza, mzee alikubali, mpaka Mirzet mwenyewe akaona haya kidogo, lakini haya hiyo haikumzuia kupunguza tena.

"Nakupa kwa hiyo bei," mzee alisema mwishoni. "Ila sema umeichukua yenyewe na kila kilicho juu yake. Halali kwako, halali kwangu."

Kwetu biashara haijaisha mpaka neno hilo lisemwe, hata ukinunua kuku. Mirzet alidhani mzee anakwepa lawama za skrubu na breki. Alikuwa anawaza jinsi atakavyomtambia Goran. Akamshika mzee mkono, akasema halali, na kila kilicho juu yake, bila hata kuuliza juu yake kuna nini.

Goran aliifungua shokapu yote mezani, akaitazama kwenye taa, akaifunga. Haikuvuja popote. Wakaongeza upepo wa kumtosha mtu wa kilo za Mirzet, wakamkalisha, na springi ikaenda mpaka chini ikagonga. Wakaongeza. Ikagonga. Goran akaendelea kupiga pampu, jasho likimtoka, na pale ilipofika upepo ambao hakuwahi kumwekea mteja yeyote, baiskeli ikamchukua Mirzet vizuri kabisa, laini, kama ilivyochorwa kitabuni. Goran akasoma tena kipimo cha pampu.

"Hii inadhani mko wawili," akasema.

Walicheka. Alasiri ile ile Mirzet akapanda nayo Trebević, na mwanzoni furaha yake haikuwa na mfano. Mizizi na mawe yaliyokuwa yakimvunja kwenye baiskeli za kuazima yalipita chini yake yakiwa hayana makali. Kisha, karibu na lile bomba la saruji lililojengwa zamani kwa mashindano ya kuteleza barafuni, akasikia harufu ya sufi mbichi iliyolowa, harufu ya kondoo aliyenyeshewa, na akadhani kuna mchungaji karibu. Harufu haikubaki nyuma. Alivyozidi kukimbia ndivyo ilivyozidi, sasa ikiwa na vuguvugu, ikimpuliza kisogoni, ikienda na kurudi, kama pumzi, na akakamata breki na breki zikalia lakini baiskeli ikaendelea kuteremka kwa sababu kilichokuwa kinasukuma kutoka nyuma kilikuwa kizito kuliko breki zenyewe, na akataka kugeuka atazame na hakuthubutu, maana kwenye kiuno, chini kidogo ya mbavu, pande zote mbili, alikuwa anabanwa na kitu kilichokuwa kinamkumbatia polepole, kwa utulivu, namna mtu anavyomshika dereva wa pikipiki anayemwamini.

Aliporudi nyumbani uso wake ulikuwa mweupe. Alimwambia Fahira amechoka. Aliiegemeza baiskeli koridoni, kwa sababu stoo ya chini wezi walishaifanya yao, na akaapa moyoni kwamba hatapanda tena.

Hapo ndipo shida yao ilipoanza hasa. Korido ya nyumba ile ni nyembamba. Upande mmoja chumba na jiko, upande wa pili mlango wa kutokea, na baiskeli katikati. Mchana kweupe, Fahira akiwa peke yake, alikuwa anasikia springi ikishuka na kupanda, fsss, kisha kimya, kisha fsss, kwa mwendo wa mtu anayejitikisa kwa kukosa la kufanya. Harufu ya sufi iliingia kwenye mapazia na kwenye mkate. Alipotaka kwenda dukani ilibidi apite ubavu ubavu, tumbo likigusa usukani, na siku moja akiwa anapita, usukani ulimgeukia.

"Mirzet, itoe hii kitu," alimwambia jioni ile, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgeni anayelala. "Mimi nashindwa kutoka kwangu."

Mirzet aliitangaza. Watu walikuja, maana bei ilikuwa ya kuwachanganya, na kila aliyeikalia ilimdidimia mpaka chini. Mwanafunzi mmoja alimwambia, "Kaka, hii siyo baiskeli, ni kitanda cha hospitali," akaondoka anacheka. Akajaribu kuitoa aitupe mbali, na akakuta haibebeki. Siku ya kwanza aliisogeza kwa shida. Siku zilizofuata ilisogea kidogo, halafu ikakataa kabisa. Kila siku aliyoacha kuipanda iliongezeka uzito, na magurudumu yakaanza kuacha mashimo kwenye zulia dogo lililokuwa chini yake. Alitaka kukata fremu kwa msumeno. Aliposhika msumeno ile pumzi ikamjia kisogoni, hapo hapo koridoni, akauweka chini.

Akampigia Hamdija. Mzee hakukana. Alisimulia kwamba mwanawe alikuwa akiruka na baiskeli ile juu ya mfereji wa kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji, kilichoachwa zamani, bila hata bismillah, na siku moja akarudi mzito. Mwanawe sasa yuko Ljubljana na kila mahali anakwenda kwa miguu. Mirzet alipoanza kumtukana, mzee akamsubiri amalize.

"Nilikutajia kila kilicho juu yake, mwanangu," akasema. "Wewe ulikuwa na haraka ya kupunguziwa."

Fahira akamwita shangazi yake, Zejna, mama mtu mzima ambaye watu wa mtaa humpelekea walioingiwa na hofu. Huyeyusha kipande cha madini ya risasi kwenye kijiko kikubwa, akamfunika mtu shuka kichwani, akasoma, kisha akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa hicho. Risasi hulia na kurusha miiba, na miiba ile ndiyo hofu inayotoka. Alimkalisha Mirzet kando ya baiskeli, akamimina. Risasi haikulia. Ilizama kimya, ikakaa chini ya bakuli nzima nzima, na bakuli likawa zito mikononi mwake mpaka akalazimika kuliweka sakafuni. Akamimina tena, ikawa vile vile. Hakuimimina mara ya tatu.

Alikunywa maji kwanza ndipo akasema. Alisema huyu hakutumwa na adui yeyote. Ni wa kwenye vinu vilivyokufa, amekaa pale zamani sana, na alipompata wa kumbeba aliona raha. Hana kisa na mtu. Anataka kubebwa, basi. Na asiyebebwa hukaa pale pale alipoachwa.

"Mtoe, shangazi," Mirzet alimwomba.

"Angekuwa amekudandia mwenyewe ningemtoa," Zejna akajibu. "Wewe umempokea kwa halali. Mimi nitavunjaje?"

Akamshauri Fahira ahamie kwake asubuhi inayofuata, mpaka ajifungue. Fahira akakubali, akafunga begi lake, akaliweka miguuni pa kitanda.

Uchungu ulimwanza asubuhi hiyo hiyo, kabla ya wakati wake, na ulikuja na damu. Mirzet alipiga simu ya gari la wagonjwa, akamfunika Fahira koti, akamshika wakatoka chumbani, na wakaikuta baiskeli imekingama njiani. Tairi la mbele lilikuwa limeshindiliwa kwenye mlango, la nyuma kwenye ukuta wa pili, na mlango wa nyumba ile hufungukia ndani. Springi zote mbili zilikuwa zimelala chini kabisa. Alivuta mpaka bega likalia. Alipiga kwa teke. Wahudumu walifika, akawasikia nje wakisukuma, jirani naye anasukuma, mlango ukitetemeka bila kuachia hata ufa, mtu mmoja akipaza sauti kwamba wazimamoto wanaitwa, na Fahira nyuma yake akiteleza ukutani taratibu mpaka sakafuni, akimwita kwa jina, halafu akiliita jina hilo kwa sauti ndogo zaidi, halafu midomo tu ikicheza, huku ile harufu ya sufi ikijaa korido yote na springi ikitoa fsss moja ndefu, ya mtu aliyetulia mahali pake na hana safari.

Mirzet aliitazama damu kwenye vigae ambavyo alivipanga kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa na ujasiri wowote, na mimi sitampa ule ambao hakuwa nao; alikuwa analia. Akaigeuzia baiskeli mgongo, akachuchumaa.

"Shuka huko," akasema. "Panda hapa. Nitakubeba mimi, mwache mke wangu apite."

Springi zikapanda, kwanza ya nyuma, kisha ya mbele, polepole, na baiskeli ikaanguka ubavu, nyepesi, kengele yake ikilia kidogo. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Wahudumu walimkuta Mirzet amepiga magoti, mikono chini, mgongo umepinda, na wakadhani ameumia kwa kuvuta. Aliwaonyesha Fahira kwa kichwa. Wakamchukua, wakashuka naye mbio.

Walimwahi. Akajifungua binti, mdogo lakini mwenye sauti, na baada ya siku chache Zejna aliwarudisha wote wawili nyumbani kwa teksi. Baiskeli ilikuwa imeshachukuliwa na Goran, na alisema kwamba sasa inaendeshwa vizuri na hata yule mwanafunzi ameitaka. Korido ilikuwa wazi, madirisha wazi, na Fahira alipita katikati akiwa na mtoto kifuani, akanusa, hakusikia harufu yoyote, akashukuru Mungu.

Mirzet alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Alikuwa amekonda, ameinama mbele kidogo, na mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, vidole vimefumana. Fahira alimngoja asogee. Hakusogea, ingawa macho yake yalikuwa kwa mtoto na yalikuwa yamejaa mapenzi mpaka yanauma kuyatazama.

"Njoo umpokee mwanao," Fahira akamwambia. "Toa hiyo mikono."

"Siwezi," Mirzet akasema kwa kunong'ona. "Nikimwachia huyu wa mgongoni, atashuka. Na tangu umeingia na mtoto, anataka kushuka."